Jino Linalobisha Hodi

Jumanne saa tatu asubuhi, mwonjaji wa kiwanda cha aiskrimu alivaa kofia yake ya wavu, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akachukua kijiko cha kwanza kati ya vijiko ishirini na vinne vilivyopangwa juu ya kitambaa cheupe. Kopo la kwanza lilikuwa la vanila. Alichota kiasi cha ukucha, akaweka katikati ya ulimi, akafumba macho na kuanza kuhesabu hadi nane, maana utamu wa vanila haujitokezi kabla ya tano na kasoro zake hazijitokezi kabla ya saba. Alipofika nne, gego la chini upande wa kushoto lilishikwa na ganzi kali hata goti lake likapiga meza, vijiko vikaruka.

Alimeza. Akasubiri kidogo, akaandika "sawa" kwenye fomu, akachukua kijiko cha pili.

Wenzake walimwita Shangazi Kijiko. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, kumi na tisa kati yake ameitumia kwenye meza ile, na hakuwahi kuumwa jino hata wakati wa mimba yake, miezi ambayo wanawake wengi huacha jino moja njiani. Ulimi wake uliaminika kuliko mashine. Mwaka fulani alisema maziwa ya tangi la tatu yamekaa karibu na kitunguu. Watu wakacheka mpaka kilipookotwa kipande cha kitunguu cha mlinzi nyuma ya tangi, kimefungwa kwenye gazeti. Tangu siku hiyo, Shangazi Kijiko akisema kitu kinanuka, kinanuka, na akisema hakinuki, hata nzi waondoke.

Kufikia kopo la sita alikuwa anaishika aiskrimu ya kila kopo kiganjani mpaka iyeyuke ndipo aitie mdomoni. Msimamizi wa zamu alipita, akamtazama.

"Shangazi, hiyo si aiskrimu tena. Huo ni mchuzi."

"Leo jino lina ganzi."

"Pole. Jaribu kuonjea upande wa kulia."

Alijaribu upande wa kulia. Baridi ilivuka ulimi kama mtu anayejua njia, ikaenda kukaa kushoto.

Mumewe alikuwa mtengeneza saa. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yao, kwa hiyo habari zote za nyumbani alizipokea akiwa na lenzi kwenye jicho moja. Alimwambia mkewe asukutue maji ya chumvi. Alisukutua kwa siku tatu. Akanunua dawa ya meno ya watu wenye ganzi na mswaki laini, akapiga mswaki taratibu kama anayepangusa vumbi kwenye yai. Akaacha ndimu. Akapaka mafuta ya karafuu kwa pamba. Ijumaa asubuhi alitia funda la maji ya uvuguvugu mdomoni ili asukutue, na alipotema, kikaanguka ndani ya beseni kipande cha barafu chenye umbo la shavu lake kwa ndani.

"Nenda kwa daktari," mumewe alisema. "Hilo limepita chumvi."

Daktari wa meno alikuwa mtu mpole mwenye vidole vifupi. Alichungulia kwa kioo kidogo, na kioo kikapata ukungu. Akakipangusa kwenye koti, akachungulia tena. Hakukuwa na tundu. Hakukuwa na ufa. Ufizi ulikuwa mwekundu na mzima, ganda la jino halijalika mahali popote. Kisha akachukua kipimajoto, akakiegemeza kwenye gego, akasubiri kama dakika moja.

"Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri," alisema, akaandika kwenye kadi. "Linakuuma ukinywa kitu cha baridi?"

"Linaniuma hata nisipokunywa."

"Ndiyo. Hapo baridi haitoki nje, iko ndani." Aliweka kalamu chini. "Naweza kukupa dawa ya kupaka, lakini itaganda kabla haijafanya kazi. Dawa yake ni kuling'oa. Njoo Jumatatu, si hii inayokuja, ile ya pili, nina nafasi saa nne."

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walisogea kidogo alipopita, wakakunja nguo zao shingoni. Mmoja alimwambia pole. Nyumbani, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na jirani alileta chupa mbili za maziwa, akamwomba azungumze karibu nazo mpaka umeme urudi. Alizungumza nazo. Maziwa hayakuharibika.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Yeye na mumewe walikuwa mezani, wanakula mkate na supu, yeye supu yake ameiacha ichemke mpaka mwisho. Ilikuwa saa saba na robo mchana. Jino liligonga mara tatu, likanyamaza, likagonga mara mbili.

Mumewe aliinua kichwa, akatazama mlango. Halafu akamtazama mkewe.

"Jino lako linabisha hodi."

"Karibu," alisema yule mwanamke, maana mdomo una mazoea yake. Hakuingia mtu.

Likagonga tena, tatu na mbili. Mtengeneza saa aliichukua saa yake ya mfukoni, akaiweka kando ya bakuli, akafuata mlio huo kwa makini kama anavyofuata saa mbovu za watu. Hodi zile zilikuwa zinapishana kwa nusu dakika. Zilikuwa za mtu mwenye adabu, anayejua kwamba mwenye nyumba yumo, ila labda yuko uani.

Mkewe aliweka kijiko chini. Aliijua hodi ile. Aliwahi kuisikia.

Wiki saba kabla ya hapo, kiwandani, Jumamosi, mashine zilizimwa saa sita na wafanyakazi wakaondoka. Yeye alibaki kuosha vijiko na kujaza fomu za wiki. Saa saba na robo alisikia kitu kinagonga upande wa chumba cha baridi, kile chumba kikubwa ambamo makopo hulala kabla ya kupakiwa kwenye magari. Mara tatu, kisha mara mbili. Alisema moyoni, kompresa ya kupozea hiyo, inaumwa tena, Jumatatu fundi ataiangalia. Alikuwa na miadi ya kusukwa nywele saa nane, na msusi wake ukichelewa alikuwa anampa mtu mwingine kiti. Akatundika aproni. Kitu kikagonga tena. Akazima taa, akatoka, akamuaga mlinzi.

Jumatatu asubuhi walimkuta fundi mitambo amekaa nyuma ya mlango wa chumba cha baridi, mgongo umeegemea mlango, bisibisi mkononi. Walikuwa wakimwita Nati, kwa kuwa mifuko yake ilikuwa haikosi nati na ukipeana naye mkono moja hubaki kwako. Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika tangu mwezi wa pili. Aliomba kipya kwa maandishi mara tatu, na mara tatu fomu ilirudi imeandikwa "tutaangalia". Sheria ya kiwanda ilisema asiingie mtu mmoja peke yake, lazima wawe wawili, lakini msaidizi wake alipunguzwa kazi mwaka uliopita na sheria ikabaki ukutani bila msaidizi.

Meneja alimwita Shangazi Kijiko mchana wa siku ile ile. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa. Ilisema marehemu alikuwa amekunywa pombe, akaingia chumba cha baridi bila kutoa taarifa, akasinzia. Ilibaki nafasi chini kwa ajili ya mtu wa kuthibitisha harufu. "Wewe ndiye pua yetu," meneja alisema. "Uliongea naye Jumamosi asubuhi, sivyo?" Waliongea, kuhusu bei ya sabuni. Alinuka grisi na sabuni. Shangazi Kijiko alitia sahihi.

Baadaye aliwahi kujiuliza kwa nini. Ilikuwa rahisi kujibu kwamba miaka kumi na tisa mtu akiwekewa fomu mbele anatia sahihi, mkono unakwenda wenyewe. Lakini ukweli ulikuwa mwingine, na aliujua. Ikiwa fundi alikuwa amelewa na kusinzia, basi hakugonga. Na ikiwa hakugonga, basi ile ilikuwa kompresa kweli.

Haya yote alimweleza mumewe pale mezani, huku jino likigonga na supu ikipoa. Mtengeneza saa alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameishi naye miaka ishirini na minane.

"Basi hilo si jino," alisema. "Huyo ni mtu."

"Nifanye nini?"

"Mimi natengeneza saa, mke wangu. Saa ikisimama naweza kuiwasha tena. Lakini haitakurudishia muda ule iliokuwa imesimama." Akainuka, akavaa sweta. "Ana mke yule. Nenda kwa mkewe."

Hakwenda siku hiyo, wala Jumapili. Jino lilinyamaza saa kumi na mbili na dakika kumi jioni ile ya Jumamosi na halikugonga wiki nzima, lilibaki na baridi yake tu, na kila asubuhi alionja makopo ishirini na manne machozi yakimtoka na kuganda kabla hayajafika kidevuni. Msimamizi alimletea kitambaa. Alhamisi alifika hadi kona ya mtaa wa mjane, akanunua vitunguu asivyovihitaji, akarudi. Jumamosi iliyofuata, siku mbili kabla ya kwenda kung'oa, alifika mlangoni saa sita na nusu, na safari hii yeye ndiye aliyebisha hodi.

"Karibu," sauti ilisema.

Mke wa fundi alikuwa mpiga pasi. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimesukumwa ukutani ili meza ipate nafasi, na kamba imevuka toka dirisha hadi mlango ikiwa imejaa mashati ya watu wengine. Pasi yake ilikuwa ya mkaa. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya pamba mbichi iliyopata moto. Alikuwa mdogo kuliko Shangazi Kijiko kwa miaka kama kumi na mitano, mwembamba, na hakuacha kupiga pasi alipomwona nani ameingia.

"Shikamoo, Shangazi. Kaa hapo, hamisha hizo suruali."

"Marahaba, mdogo wangu." Alikaa. Suruali alizipakata. "Kwenye ile ripoti, sahihi ya chini..."

"Ni yako. Najua. Ina mkia mrefu." Mpiga pasi aligeuza shati upande wa mgongo. "Waliniletea nakala. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Unajua mume wangu alikuwa hanywi hata dawa ya kikohozi? Alisema inamchoma. Mama yake alisafiri siku mbili kuja hapa, akakaa hapo ulipokaa wewe, akaniuliza nilikuwa namfanyia nini mwanawe hata akakimbilia chupa. Karatasi ina muhuri, mimi nina mdomo tu. Aliondoka, na hajanitumia salamu tena."

"Hakunuka pombe."

"Najua hakunuka."

"Sikuja kwa hilo peke yake," alisema Shangazi Kijiko. Ulimi ambao ulikuwa unatenganisha vanila ya juzi na ya jana ulikuwa mzito kama kisigino. "Jumamosi ile nilikuwepo. Aligonga. Nilisikia, nikasema ni kompresa, nikaenda kusukwa."

Pasi ilisimama. Ilisimama palepale juu ya shati la mtu, na moshi mwembamba ulipoanza kupanda, mpiga pasi akaiinua na kuisimamisha juu ya kigae chake. Alama ya kahawia ilibaki kwenye kitambaa, kwenye bega. Aliitazama kwa muda mrefu, kama hesabu ambayo jibu lake ameliona lakini hajaamini.

"Aligonga," alisema.

"Ndiyo."

"Hakusinzia."

"Hakusinzia."

Nje mtu alipita akiuza mifagio, akaita, akaenda zake. Ikawa saa saba na robo. Jino likagonga mara tatu, likanyamaza, likagonga mara mbili.

Mpiga pasi hakuuliza sauti inatoka wapi. Alizunguka meza, akapiga magoti kando ya kiti, akaweka sikio lake la kulia kwenye shavu la kushoto la yule mwanamke. Shavu lilikuwa la baridi kama sufuria iliyolala nje. Hodi ikaja tena.

"Ni yeye," alisema. "Hata hapa mlangoni alikuwa anagonga hivyo hivyo. Nilikuwa namwambia, we mwanamume, nyumba yako unaibishia hodi kwa nini? Anasema, huenda umevua nguo." Akacheka kidogo. Hakuwa amecheka tangu Jumatatu ile, na kicheko kilimkwaruza kooni. "Karibu," aliliambia shavu. "Karibu, baba."

Walikaa hivyo. Kwanza kwa magoti, kisha mpiga pasi akavuta kigoda. Mkaa kwenye pasi ulizimika na hakuna aliyeuchochea. Mara chache mpiga pasi alizungumza, na alizungumza kama mtu anayesomea mwenzake barua.

Saa nane alisema, "Hapa bado hajaogopa. Anafikiri kuna mtu anaosha vyombo, atakuja."

Shangazi Kijiko alifumba macho.

Saa tisa na nusu alisema, "Sasa anapiga kwa kiganja." Na saa kumi, "Ameanza kutembea. Anatembea, anarudi, anagonga. Havisikii tena vidole vyake." Na baada ya hapo hodi zilibadilika, zikawa nyembamba na za chuma. "Bisibisi," alisema. "Anajaribu kufungua bawaba. Anajua kazi yake. Bawaba ziko nje, lakini anajaribu."

Saa kumi na moja hodi zilikuja moja moja, bila kufuata hesabu. Saa kumi na mbili kasoro kulikuwa na kimya kirefu na wote wawili walidhani imekwisha. Saa kumi na mbili na dakika kumi iligonga mara moja, chini, karibu na mzizi, mahali ambapo mtu aliyekaa angefikia.

Mpiga pasi alisubiri dakika kadhaa. Alipoondoa sikio, lilibandukana na shavu kwa sauti ndogo, kama karatasi kwenye gundi. Lilikuwa jeupe. Alilisugua kwa kanga.

"Daktari ataling'oa lini?"

"Jumatatu. Umejuaje?"

"Nani anaweza kukaa nalo?" Alianza kukunja mashati, yale yaliyonyooka na yale ambayo hakuyafikia. "Usiling'oe."

"Sitaling'oa."

"Sisemi nimekusamehe. Sijui kama nitaweza. Nikiamka kesho huenda nikakuchukia kuliko leo, maana leo nimechoka. Lakini usiling'oe, Shangazi. Mimi sikuwepo. Wewe peke yako ndiye uliyekuwepo."

Jumatatu saa nne, wakati kiti cha daktari wa meno kilipokuwa kitupu, Shangazi Kijiko alikuwa ofisini kwa meneja. Alikuwa ameandika maelezo mapya kwa mkono, kurasa mbili. Alieleza kuhusu grisi na sabuni. Alieleza kuhusu hodi, saa, kitasa, fomu tatu za maombi na miadi ya kusukwa. Mwisho aliweka sahihi, ile ile yenye mkia.

Meneja alisoma yote. Chai iliyokuwa mbele yake ilishika ngozi ya barafu, akaivunja kwa kijiko, akainywa. Alikwenda kwenye kabati akavaa koti, akarudi kukaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anauliza habari za watoto wa watu na kukumbuka majibu.

"Mama," alisema, "ripoti ile imeshafungwa. Imekwenda, imegongwa muhuri, imerudi. Nikiifungua, watakuja kukagua chumba cha baridi. Wakikagua, watakifunga. Kikifungwa siku kumi, watu mia mbili wanakaa nyumbani. Nikuulize, fundi atafufuka?"

"Hatafufuka. Lakini anagonga."

"Sikatai. Kompresa ya wapi inajua kupumzika kati ya tatu na mbili?" Alizikunja zile kurasa taratibu. "Lakini unajua wahenga walivyosema. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Yupo. Yuko hapa." Alifungua mdomo, akaonyesha kwa kidole.

Meneja aliinama juu ya meza, akalitazama jino kwa heshima kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto mchanga. "Pole sana," alisema. "Pole kwenu wote. Nitayawasilisha maelezo yako, utajibiwa."

Na alijibiwa. Hakuna anayeweza kusema kiwanda hakikujibu. Barua ilikuja baada ya siku tisa, nakala moja kwa mwonjaji na nyingine kwa mjane. Ilisema kwamba maelezo mapya yamepokelewa na kusomwa kwa makini. Ilisema kwamba, kwa mujibu wa kadi ya daktari wa meno ambayo shahidi aliombea ruhusa kazini, ana maradhi ya kinywa, na kwa hiyo ushahidi wake kuhusu harufu, ladha na sauti hauwezi tena kutegemewa. Maelezo yake ya awali, yaliyotolewa akiwa na afya njema, yataendelea kusimama. Kiwanda kilimtakia nafuu ya haraka, na kwa kumjali kilimhamishia kitengo cha vifuniko, ambako hakuna haja ya kuonja.

Mpiga pasi aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akaiweka chini ya godoro pamoja na ile ya kwanza. "Wanaandika vizuri," alisema.

Mwonjaji mpya ni kijana mwenye cheti. Anahesabu hadi tano, anaandika "sawa". Fundi mpya naye ameajiriwa, mtu wa maneno machache, na siku ya kwanza tu aliona mlango wa chumba cha baridi hauna kitasa kwa ndani. Ameomba kipya kwa maandishi. Akiwa ndani anazuia mlango kwa ndoo ya sukari, na msimamizi akipita anaiondoa ndoo kwa kuwa inapoteza baridi, kisha fundi anaiomba tena. Kwenye mlango, upande wa ndani, kimebandikwa kibao kipya cha plastiki chenye herufi nyekundu: NI MARUFUKU KUINGIA HUMU UKIWA UMELEWA. Kiko usawa wa macho. Anayefungiwa humo atakisoma bila shida, taa haizimwi.

Shangazi Kijiko hutoka kwenye vifuniko saa sita Jumamosi na kwenda moja kwa moja kwenye kile chumba chenye kamba ya mashati. Mumewe alimnunulia shuka nene ya kujifunika mabegani. Hazungumzi sana siku hizi. Shavu limekuwa zito, na anakula vya moto tu, vingine mpaka vimuunguze upande wa kulia ndipo upande wa kushoto uvijue kuwa ni chakula. Mpiga pasi humwekea kiti. Kuna Jumamosi ambazo hawasemezani kabisa, kwa kuwa kesho ile aliyoitabiri ilifika, akamchukia kweli, kwa wiki nyingi. Lakini saa saba na robo huvuta kigoda, huweka sikio, na kila inapokuja hodi husema karibu. Mpaka saa kumi na mbili na dakika kumi. Halafu huchochea mkaa, maana nguo za watu hazingoji.

Sikio lake la kulia lilikufa mwezi wa nane. Lilianza kwa kuwasha, likawa jeusi pembeni, na siku moja aligundua kwamba upande ule hasikii kitu, hata mtu akipiga kelele. Alihamisha kigoda, akakaa upande wa pili, akajipinda mpaka sikio la kushoto likapata mahali pake.

Jumamosi iliyopita ilinyesha. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata hodi za mwanzo zikawapita. Ilipopungua, Shangazi Kijiko aliliona sikio la kushoto kwa karibu, limeanza kuwa jeupe kwenye ncha.

"Mdogo wangu," alisema, mdomo mzito. "Na hili nalo likiisha?"

Mpiga pasi alikuwa amefumba macho. Ilikuwa saa tisa na nusu, saa ya kiganja.

"Nitaweka mkono," alisema. "Hodi hata mkono unaisikia."